Yule Aliyetaka Kurudi Gondar

Lilianza neno moja tu, tena neno ambalo lingeweza kupita bila kusikika. Ilikuwa Jumapili asubuhi, mwaka 2013. Henriette alikuwa akipiga pasi nguo za kanisani na mume wake, Sébastien, alikuwa dirishani na kikombe cha chai.

"Mwezi wa saba tutaenda Gondar," akasema Sébastien, "sisi watatu. Tuone ile ngome ya wafalme."

Henriette akainua pasi. "Watatu na nani?"

Tangu watoke Uvira walikuwa wawili katika fleti yao ya Berea, mjini Durban, na Mungu hakuwa amewapa mtoto.

"Nimesema wawili."

"Umesema watatu, Séba."

"Basi ulimi umeteleza, chérie."

Ulimi wa mtu huteleza. Lakini safari yenyewe ndiyo iliyomkaa Henriette rohoni kama mfupa wa samaki. Sébastien alichanganya rangi katika kiwanda kimoja mtaani Jacobs. Jioni alirudi, akala, akatazama mpira, akalala. Bahari iko chini ya kilima, na kila alipoombwa waende, alisema mchanga unamuudhi. Leo mtu huyo anataka kupanda ndege mpaka Ethiopia, kutazama mawe ya wafalme waliokufa zamani?

"Nani amekuambia habari za Gondar?"

"Watu wa kazini."

Akaanza kupanga. Aliomba likizo, akachanjwa homa ya manjano, akanunua viatu vya kupandia mawe. Alikwenda kwenye duka la intaneti akachapisha picha za ngome: minara yenye vichwa vya mviringo, kuta ndefu, vizimba ambamo wafalme walifuga simba. Akazibandika ukutani chumbani. Henriette alipomwambia kwamba mwezi wa saba kule ni wa mvua, wangengoja mwezi wa kumi, alijibu bila kugeuka, "Lazima iwe wakati wa mvua." Kisha akaweka kidole kwenye picha moja, juu ya mawe matupu. "Tutapita hapa."

"Hapo ni ukuta."

"Ni mlango. Waliuziba."

Ikaja na harufu. Kwanza ilikuwa ya mawe yaliyolowa, kama pango. Chini yake ikatokea nyingine, ya mnyama mkubwa aliyefungiwa. Henriette alifua mashuka, akasugua sakafu, akafungua madirisha yote. Kufika saa ya chai harufu imerudi na kukaa kama mwenye nyumba. Na alfajiri, Sébastien akiwa bafuni, Henriette alimsikia akinong'ona na kucheka, kicheko laini ambacho yeye mkewe hakupewa siku nyingi. Akaweka sikio mlangoni. Mume wake alikuwa anaongea lugha ya Wahabeshi wenye maduka mjini. Aliijua kwa mlio. Sébastien hakuwahi kuijua hata salamu yake.

Simu yake ilikuwa mezani jikoni. Henriette akaifungua. Hakuna aliyepiga wala aliyepigiwa.

"Iko mwanamke," Tina, msusi mwenzake, alimwambia saluni, mikono yote miwili ikiwa kwenye nywele za mteja. "Mwanaume akianza kununua viatu vipya, dada yangu, usiulize. Iko mwanamke."

"Na anaongea naye bila simu?"

"Eish. Labda ana simu ya pili."

Henriette akashikilia hilo la simu ya pili, kwa sababu lilikuwa jepesi kuliko mengine. Jumamosi zote Sébastien alisema anakwenda kufanya kazi ya ziada. Peguy, aliyechanganya rangi pamoja na Sébastien, alipokuja saluni kumchukua mkewe, Henriette akamuuliza kama mzaha kama Jumamosi hizo hazijawachosha. Peguy akashangaa. Kiwanda kilikuwa hakifunguliwi Jumamosi tangu Pasaka.

Jumamosi iliyofuata akamfuata. Sébastien hakwenda kupanda taxi. Aliteremka kwa miguu, akavuka kwenye robot, zile taa za barabarani, akaingia bustani ile kubwa ya miti. Jua lilikuwa kali, hakuna wingu. Watoto walikimbia nyasini na maharusi walipigwa picha kando ya bwawa. Sébastien akaketi ncha moja ya benchi, akafungua mwavuli, akaushika kwa mkono ulionyooka. Hakujifunika yeye. Alifunika nafasi tupu iliyokuwa kando yake, na akaanza kuongea nayo.

Henriette akatoka nyuma ya mti akiwa tayari kwa ugomvi, akijiambia kwamba huyo mwanamke ameinuka tu, amekwenda kununua maji, atarudi sasa hivi amkute, na hasira yake ilimsaidia kutembea mpaka alipofika karibu kabisa akaona kwamba chini ya mwavuli mvua ilikuwa inanyesha, mvua nyembamba isiyo na sauti, inayoanzia kwenye kitambaa cha mwavuli na kuishia kwenye mbao za benchi, na maji yanachuruzika mpaka kwenye viatu vipya vya mume wake huku nyasi zote pembeni zikiwa kavu, na katikati ya mvua ile palikuwa na pahali ambapo matone hayakufika kwenye mbao, pahali penye ukubwa wa mtu aliyeketi.

"Henriette," akasema Sébastien kwa upole, bila kushtuka. "Simama hapo hapo. Utamkanyaga nguo."

Nyumbani alimweleza yote, na alieleza akilia. Mwezi wa tatu, siku ya mvua, alikuwa akingoja taxi nje ya geti la kiwanda. Akamwona mwanamke amejitanda shuka jeupe, miguu mitupu, analia. Akamwingiza chini ya mwavuli wake.

"Nikamuuliza, mama, kwenu ni wapi? Akasema ni mbali. Nikamwambia usilie, nitakupeleka." Akafuta uso. "Nilidhani ni hapa karibu, Umlazi ama Pinetown, Henriette. Nani angejua?"

"Na sasa anataka nini?"

"Kwao. Walimfukuza kwenye ile ngome zamani, simba wa mfalme wakiwa bado wananguruma. Peke yake hawezi kuvuka ukuta. Anavuka akiwa ndani ya mtu aliyemwahidi."

"Na huyo mtu? Akishavuka, mtu anakuwaje?"

Sébastien akainamisha kichwa upande, kama anayengoja kuambiwa. "Amesema nitarudi."

"Nimekuuliza wewe, si yeye."

"Amesema nitarudi." Ilikuwa sauti ile ile, na mwendo ule ule, kama kitu kilichokaririwa.

Henriette naye aliijua hamu ya kwao. Alikuwa akiliota ziwa la Uvira na kuamka amelowa machozi. Kwa muda mfupi alimhurumia yule asiyeonekana. Lakini lile jibu lilikuja upesi mno, na mtu anayekwenda kwake kwa haki haingii kwa mgongo wa mwenzake. Akavaa kitambaa kichwani akaenda mtaa wa Sydenham kumwita Mama Marcelline.

Mama Marcelline alikuwa Mrundi, mkuu wa akina mama wa maombi kanisani. Ndiye aliyewapokea Henriette na mume wake walipoingia Durban hawana pa kulala, akawatandikia godoro sebuleni kwake mpaka walipopata kazi. Kanisani aliombea wagonjwa kwa kuwawekea mikono. Lakini alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, na bibi yake alikuwa mganga wa majini. Kwa hiyo alikuja na Biblia, na chini ya Biblia alikuja na kivumbasi na ubani.

Alasiri hiyo mapazia yalifungwa. Sébastien aliketishwa sakafuni na Marcelline akamzungushia moshi wa ubani.

"Wewe uliye ndani ya huyu mtoto wa watu, toka."

Sauti ya kike, ndogo, ya mtu aliyechoka, ikatoka kinywani mwa Sébastien. "Nimeahidiwa."

"Hakukujua."

"Alisema. Mimi nilisikia."

Marcelline akasoma zaburi, akanyunyiza maji ya kivumbasi, akakemea kwa jina la Yesu, na kadiri alivyokemea ndivyo picha za ukutani zilivyoanza kutoa jasho, maji yakateremka kwenye minara na kwenye vizimba, harufu ya mnyama ikajaa chumba mpaka Henriette akaziba pua kwa kanga, na kutoka ndani ya ukuta, upande wa pili ambako hakuna chumba ila hewa ya barabara, ukasikika mngurumo mzito na mrefu uliotikisa vikombe kabatini, na Sébastien akaanza kutweta kama mtu anayevutwa kupita kwenye tundu dogo.

"Mama, anakufa!" Henriette akanong'ona.

Marcelline akaacha kusoma. Jasho lilimtoka. Akamtazama Sébastien, akamtazama Henriette, kisha akapiga magoti na kusogeza mdomo kwenye sikio la yule mwanaume.

"Mwachie huyu," akasema. "Mimi nitakupeleka."

Mngurumo ukakatika. Harufu ikaondoka kana kwamba dirisha limefunguliwa. Sébastien akalala chali, akavuta pumzi moja ndefu, akaanza kukoroma.

Henriette hakufurahi. Alikuwa amesikia majini hupiga kelele, hudai kuku, hudai damu. Hili liliondoka kama mtu aliyepewa alichokuja kutafuta.

"Mama, umemwambia nini?"

"Nimemdanganya," Marcelline akacheka, akijifuta shingo. "Mimi hata pasipoti sina. Johannesburg yenyewe sijafika. Jini iko na kiburi, mwanangu, lakini akili haina."

Sébastien aliamka akiwa mzima. Aliuliza picha za mawe ukutani ni za nani, akazibandua mwenyewe. Jioni akatazama mpira. Henriette akaanza tena kucheka, na majuma yakapita.

Kisha Mama Marcelline akaacha kuonekana kanisani. Henriette akapanda taxi mpaka Sydenham na kumkuta sebuleni akikunja koti la baridi ndani ya sanduku.

"Mwanangu wa Kanada amenitumia tikiti," akasema. "Ninakwenda Ethiopia kuomba kwenye makanisa ya zamani."

"Na pasipoti?"

"Niliomba, nikapewa."

Watu wa kwao walingoja karatasi miaka na miaka. Yeye alipata kwa majuma machache. Henriette akamkazia macho, akitafuta ndani yake mtu mwingine. Aliona macho yale yale, yenye ukungu wa uzee.

"Mama, ni wewe unasema?"

"Sasa ni nani?" Marcelline akamshika mkono. "Mimi nilisema nitampeleka. Mtu anayesali hawezi kusema uongo na kulala usingizi, hata kama amemwambia jini. Kunywa chai yako, inapoa."

Henriette alimlilia asiende. Alikwenda.

Simu iliingia mchana, saluni ikiwa imejaa. Namba ilikuwa ndefu, ya nje.

"Henriette? Nimefika, mwanangu. Ameingia. Amekwenda zake."

"Mungu asifiwe! Sasa rudi, Mama. Rudi leo."

Nyuma ya sauti kulikuwa na mvua, na nyuma ya mvua kitu cha chuma kilikuwa kinaburuzwa juu ya mawe.

"Ndiyo nataka kurudi. Lakini niko ndani ya ukuta, na mlango siuoni. Nazunguka, natokea pale pale. Wageni wanapita kupiga picha, nawaita, hawageuki. Wewe tu ndiye unanisikia." Sauti ikaanza kulia. "Sema utakuja kunitoa. Sema tu, mwanangu. Kuja utakuja ukipata nafasi."

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Henriette. Ilikuwa sauti ya Mama Marcelline, na kilio chake, na kile kikohozi chake cha katikati ya maneno. Akajizuia kwa kuuma mdomo.

"Mama, tulipoingia kwako mara ya kwanza, ulitupikia nini?"

Sauti ikakohoa kidogo.

"Mlikuwa na njaa," ikasema. "Mlikula vyote. Sema utakuja, Henriette."

Henriette akakata simu. Ikalia tena. Akaizima, akatoa kadi yake, akaikata vipande viwili kwa mkasi wa nywele, na Tina alipouliza ni nani, akasema mtu amekosea namba. Akashika kitana, akarudi kazini.

Mama Marcelline hajarudi Durban. Mwanawe wa Kanada aliuliza kila ofisi ya kuulizwa. Aliambiwa mama alionekana akilipa kiingilio cha ngome siku ya mvua, peke yake, na hakuna aliyemwona akitoka. Kanisani wanamwombea. Henriette huinama pamoja nao na kufumba macho, wala hajamwambia mtu habari ya ile simu, hata Sébastien. Ila jioni nyingine humtazama mume wake mezani, mzima, anamenya viazi na kulalamika juu ya mwamuzi wa mpira, na humlazimu kuinuka aende kusimama jikoni peke yake, kwa sababu hajui mpaka leo kama siku ile alimkatia simu jini, au alimkatia mama aliyemrudishia huyu mtu.