Gari la Ufagio

Asubuhi ya kujiandikisha, uwanja wa michezo ulifurika baiskeli, pampu, ndugu wa kuaga na kelele. Katikati ya vurumai hiyo, mshonaji mmoja alikuwa amesimama palepale pikapu nyeupe ilipotaka kupita, akihangaika kujibandika namba mgongoni.

"Dada, hapo ni njia ya magari," dereva alitoa kichwa dirishani.

"Na huu ni mgongo wangu, kaka, siufikii. Shuka unisaidie, ndiyo nikupishe."

Akashuka. Siku za kawaida alikuwa akisambaza mikate madukani, na leo ovaroli yake ilikuwa imepigwa pasi utadhani anakwenda harusini. Dada alivaa fulana ya njano na suruali ya kubana ya zambarau, vyote kashona mwenyewe, na vilimkaa hasa. Dereva alizibandika pini nne kwa muda ambao mtu mwingine angebandika arobaini.

"Huo ufagio nyuma ya gari ni wa nini?"

"Ni kazi yangu. Nakwenda nyuma ya wote, kwa ratiba. Nikikupita, umetoka. Navua namba, unapanda nyuma na baiskeli yako."

"Basi hatutaonana tena," akacheka.

Walionana kutwa nzima. Mbio zilikuwa za siku nne milimani, waendeshaji mia na kumi, wote wa kujifurahisha tu, na tangu mlima wa kwanza mshonaji ndiye aliyekuwa mkia. Pikapu ilimfuata taratibu, na dereva akaijua mishono yote ya mgongo wa fulana ile kushinda fundi wake.

Jioni, wenzake walipokuwa wakitandika magodoro kwenye madarasa ya shule waliyopangiwa kulala, dada alipiga namba aliyopewa kwa ajili ya dharura.

"Dharura gani?" dereva akaruka.

"Nimechoka kunyamaza."

Wakaongea mpaka sikio likapata moto. Akamwambia kwamba kwao kaka zake wanamwita Nusu. Uuguzi aliuachia njiani, udereva aliuachia njiani, hata mchumba alimwachia njiani, kadi zikiwa zimeshachapwa.

"Nataka nimalize kitu kimoja, kwa miguu yangu mwenyewe. Kimoja tu. Umelala?"

"Nakusikiliza, kipenzi."

Neno lilikuwa limeshatoka. Hakuna aliyelirudisha, na kesho yake jioni alikuwa kipenzi waziwazi, na dereva alikuwa "Mkate wangu".

Siku ya tatu mvua iliwakuta mlimani. Dada alikuwa anayumba, midomo imepauka, na saa ya gari ilisema wazi kwamba ni wakati wa kumpita. Dereva alimtazama, akaitazama saa, akasogea pembeni. Kwenye redio ya upepo akawaambia wasimamizi tairi limetoboka. Akasimama mvuani dakika kumi na nane akilipiga teke tairi zima.

Mshonaji alifika, akapigiwa makofi, akalia kwa furaha. Kisha mtunza muda, mtu mwema asiyejua analosema, akamwambia, "Mshukuru Mungu, tairi la Ufagio lilitoboka."

Akaenda kutazama. Jicho la mshonaji haliachi kitu. Tairi la akiba lilikuwa bado kwenye nailoni yake ya dukani.

"Ulibadilisha lipi?"

Dereva akainama. "Ulikuwa unaumia, kipenzi."

"Nilikuomba uniokoe? Pengine ningefika. Pengine nisingefika. Sasa sitajua mpaka naingia kaburini!"

"Nilifanya hivyo kwa sababu nakupenda."

"Ulifanya hivyo kwa sababu huniamini. Afadhali kaka zangu, wao wananiambia usoni."

Akaondoka, akazima simu. Mimi siwezi kumlaumu hata mmoja wao. Dereva alipiga mara saba, kisha akaenda mwenyewe kwa mwamuzi wa mbio na kueleza yote. Mama yule alimtazama juu ya miwani.

"Siwezi kumtoa mtu kwa 'pengine'. Ataendelea na mbio kesho. Lakini kesho ukichelewa dakika moja, nawatoa wote wawili."

Mlima wa mwisho ulikuwa kilomita kumi na tisa za kupanda tu. Mshonaji hakugeuka nyuma hata mara moja. Alisikia injini ikikaribia, akakanyaga mpaka mapaja yakawaka. Zikiwa zimebaki kilomita tatu, pikapu ikaja ubavuni, ikampita, ikasimama mbele yake.

Dereva alishuka, uso umemvimba.

"Namba hamsini na nane," alisema, "muda umekwisha."

Dada akamgeuzia mgongo. Pini zilitoka moja moja, polepole kuliko zilivyoingia siku ile ya uwanjani.

"Utapanda gari?"

"Sipandi."

Dereva alitamani kubaki. Alitamani amsukume hata kwa kidole. "Basi niruhusu nitangulie," akasema. "Nina ratiba." Akaondoka kweli, na dada akabaki peke yake na barabara, akilia na kukanyaga.

Alipofika juu, lango la kumalizia lilikuwa limeshashushwa na kukunjwa. Watu walikuwa wanapakia viti. Dereva pekee alikuwa amesimama nyuma ya mstari, na hakusogea mpaka gurudumu la nyuma lilipouvuka.

"Ulikuwa unalia," dada alisema, akihema.

"Vumbi."

"Barabara ya lami, Mkate wangu."

Akaangusha baiskeli. "Nimemaliza. Siko kwenye orodha, lakini nimemaliza, na safari hii najua ni mimi."

"Ni wewe. Ratiba ilikuzidi kwa dakika mbili tu. Roho iliniuma."

"Ungenisubiri pale, ningekuacha hapahapa." Akamfuta shavu kwa ukingo wa fulana ya njano. "Jumapili njoo nyumbani uonane na mama. Saa nne kamili."

"Kuonana tu?"

"Njoo umwambie unataka kunioa, mjinga wewe. Au hutaki?"

Dereva alitikisa kichwa, kisha, akiogopa asije akaeleweka vibaya, akasema ndiyo mara tatu. Akaipakia baiskeli nyuma. Dada akafungua mlango wa mbele, akapanda.