Muhogo wa Mama Anne

Kila asubuhi ya vakansi ile, shule zikiwa zimefungwa, Emilie aliamka akakuta nyumba iko kimya. Mjomba wake, Papa Lambert, alikuwa amekwisha kwenda kazini kwenye reli, na mama yake alikuwa Kabalo akimuuguza bibi. Emilie alikunywa uji peke yake, akachukua kalamu na mfuko wa fishi, zile karatasi za kujaza, akashika njia ya mashamba ya Katanika.

Alikuwa na miaka kumi na minne, na katika shule yao yeye tu ndiye aliyechaguliwa kwa kazi ya utafiti. Mama Elisabeth, mtafiti wa kilimo, alikuwa amemweleza: "Lubumbashi tuna ordinatere, kompyuta. Tunataka kuifundisha kutambua ugonjwa wa muhogo. Yenyewe haijaona shamba. Itajifunza kwa mifano unayoandika: rangi ya jani, limejikunja ao hapana. Shina moja, fishi moja."

Mwanzoni Emilie alijiona mtu mkubwa. Lakini majani hayaongei. Alishinda mashambani bila mtu wa kusema naye, na jioni bombani Marceline, rafiki yake wa zamani, alimcheka: "Mumupishe njia! Huyu njo mwalimu wa mashine!" Wasichana wakacheka, kisha wakarudia mazungumzo yao kana kwamba hayupo.

Ijumaa moja alisikia kwamba wenzake watakwenda ufukweni. Yeye alibakiwa na shamba la Mama Anne, mjane aliyelima mashina ishirini tu ya muhogo juu ya kilima. Emilie aliketi kando ya njia, akajaza fishi ishirini bila kuona hata jani moja: njano, limejikunja, njano, limejikunja. Akakimbia hadi ziwani. Hakukuta mtu. Walikuwa wamebadili mpango, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Akakaa kwenye mchanga, akilia taratibu.

Jumatatu Mama Elisabeth alimwita biro, ofisini kwake, fishi zikiwa mezani.

"Shamba la Mama Anne limeisha kwa ugonjwa," alisema kwa huzuni. "Kesho tutang'oa mashina yote, yasiambukize mengine. Sijui atakula nini."

Emilie alizitazama zile fishi. Hakuna aliyemwona siku ile. Angenyamaza, nani angejua?

"Mama," alisema, "usiyang'oe. Sikufika kule. Njo mimi nilijaza hizo fishi njiani. Nilichoka kuwa peke yangu."

Mama Elisabeth alizikusanya fishi, akainuka. "Twende," akasema.

Walimkuta Mama Anne akipalilia. Emilie alimweleza yote mwenyewe, kichwa chini. Kisha wakapima shina kwa shina. Kumi na saba yalikuwa mazima, matatu tu yana ugonjwa. Wakayang'oa hayo matatu.

Mama Anne aliegemea jembe. "Mutoto, ungeniua na njaa," alisema. "Lakini umekuja kusema. Na hiyo upweke, hata mimi ninaijua. Unapita pale chini kila siku. Siku ingine panda, tusalimiane."

Wakati wa kurudi Mama Elisabeth alipunguza mwendo ili watembee sambamba.

"Sikia, Emilie. Ordinatere haijui kuuliza kama umesema kweli. Ukiipa uongo, itajifunza uongo, na mkulima ndiye ataumia. Kuwa mpweke si kosa. Kosa ni kuuficha upweke kwa uongo. Ukilemewa, njoo uniambie. Kesho utaandika upya fishi zote ishirini, kwa yale tuliyoona leo."

"Ndiyo, Mama," alijibu Emilie. Na kesho yake alipanda kilima mapema, akabisha hodi kwa Mama Anne.