Bwana Wenzake na Namba Kumi na Nne

Meza yetu ya jikoni niliitengeneza kwa mikono yangu, na inatosha watu sita. Lakini wiki ile haikuwa na nafasi hata ya kikombe. Karatasi za mke wangu zilikuwa zimeitawala yote, na chai tulikunywa tumesimama.

Mimi ni seremala. Mke wangu ni muuguzi katika wodi ya watoto njiti, yaani wale wanaozaliwa kabla ya wakati wao. Pacha wetu nao walizaliwa hivyo, wadogo wa kutisha. Leo wanasoma shule, na kelele zao zinafika barabarani. Lakini mama yao hajasahau.

Kwa muda mrefu yeye na wauguzi wenzake walipima joto la watoto njiti. Walitaka kujua ni wakati gani mzuri wa kumwogesha mtoto wa namna hiyo mara ya kwanza, maana akipoa ni hatari. Kisha akaandika makala, aitume kwenye jarida la sayansi ili wauguzi wa kwingine wasome. Akaituma. Ikarudi.

"Mhariri anasemaje?" nilimwuliza.

"Anasema utafiti ni mzuri, Baba Pacha. Ila marejeo yangu ni vurugu tupu. Nisiporekebisha mpaka Ijumaa, naanza upya."

"Marejeo ndiyo nini?"

"Ile orodha ya mwisho. Maandishi ya watu wengine niliyoyatumia."

Nikachukua ukurasa wa mwisho ili nimsaidie kusoma. Kuna bwana mmoja alinishangaza sana.

"Mama Pacha, huyu Wenzake ni mtu wa wapi? Ana bidii! Kila mahali yumo. Wakubwa wote wanaandika naye."

Mke wangu aliweka kalamu chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Si jina, mume wangu! 'Na wenzake' maana yake waandishi walikuwa wengi, akatajwa wa kwanza tu."

Nikacheka na mimi, ingawa niliwaonea huruma hao waliofichwa ndani ya neno moja.

Kicheko hakikumaliza kazi. Jioni tulimwita jirani yetu, mkutubi wa chuo cha uuguzi. Wanafunzi wanamwita Bi Kimya, kwa sababu kutwa anawanyamazisha maktabani. Akiwa nje ya maktaba, lo! Anaongea mpaka wali unaungua.

Alipitisha macho kwenye karatasi. "Mwongozo wa jarida uko wapi?"

"Mwongozo gani, dada?" mke wangu aliuliza.

"Ehee! Hapo ndipo ulipoteleza, mdogo wangu. Kila jarida lina mwongozo kwa waandishi. Linaeleza linavyotaka marejeo yaandikwe. Hili linataka namba. Wewe hapa umeweka namba, pale umeweka jina na mwaka."

"Nilinakili kama nilivyoyakuta."

"Ndiyo maana. Sasa sikiliza. Chanzo unachokitaja kwanza ni namba moja. Kinachofuata ni namba mbili. Ukikitaja tena kile cha kwanza, kinabaki na namba yake ile ile. Halafu kila namba iwe na maelezo yake kwenye orodha: waandishi, kichwa cha makala, jina la jarida, mwaka, toleo na kurasa. Fuata mpangilio wa mwongozo, hata nukta."

"Hata nukta?" nilidakia. "Nukta nayo ina kazi gani?"

"Shemeji, bila nukta utajuaje mwaka umeishia wapi na kurasa zimeanzia wapi? Msomaji anataka kuifikia makala yenyewe. Ukimwelekeza vibaya, hafiki."

Hapo nilimwelewa. Mteja wangu mmoja aliwahi kunielekeza kwake hivyo hivyo, nikazunguka na kabati mgongoni.

"Juzi niliongeza aya katikati," mke wangu alisema. "Namba zote zikahama."

"Kompyuta ina programu ya marejeo. Ukiongeza aya, inazipanga namba yenyewe. Lakini haisomi kwa niaba yako." Bi Kimya aliweka kidole kwenye orodha. "Hii namba kumi na nne umeisoma?"

Mke wangu alitazama chini. "Niliikuta imetajwa kwenye makala nyingine."

"Basi hujaisoma. Utamsemeaje mtu ambaye hujamsikia? Kesho njoo maktaba."

Kesho yake niliwafuata, kwa udadisi tu. Maktaba ni chumba kirefu chenye feni inayolalamika. Humo Bi Kimya ni mtu mwingine kabisa, anaongea kwa kunong'ona. Aliitafuta namba kumi na nne kwenye kompyuta, asiione. Mwaka ulikuwa umekosewa, na jina la mwandishi lilikosa herufi. Akajaribu tena kwa kichwa cha makala. Ikatokea, kuukuu, wino umefifia.

Mke wangu alisoma akifuata mistari kwa kidole. Ghafla kidole kikasimama.

"Haisemi saa sita," alinong'ona. "Inasema mtoto asubiri siku nzima. Saa ishirini na nne."

Katika makala yake alikuwa ameandika kwamba mtoto aweza kuogeshwa saa sita tu baada ya kuzaliwa, na mbele yake akaweka namba kumi na nne. Bi Kimya akafungua makala nyingine mbili mpya. Zote ziliandika saa sita. Zote zilitaja makala ile ile kuukuu.

"Wamenakiliana," alisema. "Hawa hawakuifungua."

Niliwakumbuka pacha wetu walipokuwa na saa sita duniani, miguu yao baridi kiganjani mwangu. Kosa lile lilikuwa linasafiri, na makala ya mke wangu ilikuwa karibu kulibeba mbele.

Kisha Bi Kimya akanionyesha mwisho wa makala ile kuukuu. Nayo ilikuwa na marejeo yake. Akabonyeza moja, ikafunguka makala ya zamani zaidi. Nayo ina marejeo. Tulirudi nyuma hivyo hivyo mpaka tukamkuta daktari aliyepima joto la watoto kabla babu yangu hajazaliwa. Nilidhani elimu inakaa vitabuni tu, imetulia. Kumbe nyuma ya kila namba kuna mtu aliyeinama juu ya kitanda cha mtoto wa mwenzake, na nyuma yake yuko mwingine. Sijawahi kushangaa vile maishani mwangu. Nilijikuta nimevua kofia.

Mke wangu alisahihisha ile sentensi. Kisha akafungua vyanzo vyote, kimoja baada ya kingine. Vile ambavyo havikutajwa popote ndani ya makala aliviondoa kwenye orodha. Kimoja kilitajwa ndani lakini hakikuwamo kwenye orodha, akakiongeza. Mimi nilisoma namba, yeye akajibu.

"Kumi na nne?"

"Ipo. Nimeisoma."

Ijumaa asubuhi aliituma. Safari hii haikurudi. Ilichapishwa.

Muda ulipita. Siku moja mke wangu anamenya viazi, Bi Kimya akaingia na kompyuta yake bila hata kubisha hodi. Alifungua makala ya hospitali moja, katika nchi ambayo hatutafika kamwe.

"Soma hapa, shemeji."

Nilisoma. Waliandika kwamba wameacha kuwaogesha watoto njiti kabla ya saa ishirini na nne. Mwisho wa sentensi palikuwa na namba tatu.

"Ifuate," alisema.

Niliweka kidole kwenye namba tatu, nikashuka nayo mpaka kwenye orodha. Nikalikuta jina la mke wangu, kila herufi mahali pake. Namba ile, kutoka ng'ambo yote hiyo, ilikuwa imenileta jikoni kwangu, kwa mwanamke mwenye maganda ya viazi mapajani.

"Na Bwana Wenzake je?" niliuliza.

"Jarida hili linataka waandishi wote watajwe." Mke wangu alifuta mikono, akayagusa majina ya wauguzi wa wodi yake moja moja. "Wote wamo."

Kisha akaitazama ile namba tatu.

"Baba Pacha," alisema polepole, "huko leo kuna mtoto hajaogeshwa. Amefunikwa vizuri, miguu ina joto."