Boriti za Korija Moja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hadiya aliteka maji kwenye bomba lililokuwa chini ya tangi. Tangi hilo lilikaa juu ya jukwaa la boriti za mikoko, ambalo baba yake, Mzee Ishak, alilijenga mwenyewe nyuma ya nyumba yao huko Majoreni. Siku hiyo ndoo haikuwa imejaa aliposikia "kra!" juu ya kichwa chake, upande wa mbele. Unga wa mti ukamwagikia majini.

"Baba! Jukwaa limelia!"

Mzee Ishak akaja na kikombe cha chai mkononi, akaligonga jukwaa kwa kiganja. "Mti nao huzeeka, mwanangu. Tangi lenyewe karibu tupu. Litaanguka kwa uzito gani?"

"Na Alhamisi boza la maji likilijaza?" akauliza Salwa kutoka mlangoni.

Salwa, dada yake Hadiya, alikuwa likizoni kutoka chuo cha uhandisi cha Mombasa. Ijumaa kungekuwa na hitima ya nyanya yao, na wageni wangehitaji maji ya kupikia na ya udhu. Tena watoto wa jirani walizoea kucheza kivulini, pale pale chini ya tangi.

Salwa akachora jukwaa kwenye kompyuta yake, kisha akaugawa mchoro katika pembetatu nyingi ndogo.

"Mbona unalikatakata?" Hadiya akauliza.

"Ndiyo mbinu tunayojifunza. Jukwaa zima siwezi kulijua kwa mara moja. Kipande kidogo ninaweza: kinabeba uzito gani, kinapinda kiasi gani. Kila kipande kinasukuma kilicho jirani yake. Nikiviunganisha vyote, nalipata jukwaa zima. Kwenye viungo na karibu na ardhi nakata vipande vidogo zaidi, maana huko ndiko miti huvunjika." Akampa utepe wa kupimia. "Nipimie unene wa miguu yote minne, chini, katikati na juu. Chini ufukue mchanga kidogo. Umeelewa?"

"Naam, dada."

Lakini jambo moja lilimtatiza. Kwa nini yote minne? Boriti huuzwa kwa korija, ishirini ishirini, na mkata mikoko huzipanga kwa unene kabla ya kuziuza. Za korija moja hulingana, na miguu hii yote baba aliitoa katika korija moja. Majoreni nzima yajua hivyo. Salwa alikuwa ameshainamia kompyuta, na Hadiya akaona haya kumsumbua. Akapima mguu mmoja wa mbele, ule wa karibu na jiko. Kwa miguu mingine akaandika vipimo vile vile, akiongeza kidogo hapa na kupunguza kidogo pale ili vionekane vimepimwa.

Jioni kompyuta ilionyesha jukwaa likiwa bluu, juu hadi chini.

"Bluu ni salama," Salwa akasema. "Litashika."

"Si nilisema?" Mzee Ishak akacheka. "Kompyuta imekula karo yangu ili iniambie ninachokijua!"

Hadiya hakucheka.

Alhamisi alasiri, Dzombo, dereva wa boza, alirudisha gari nyuma hadi karibu na jukwaa. Tumu, binamu yao mdogo, alikuwa ameegemea mguu wa nyuma akiuchokoachokoa. Ghafla kidole chake kikazama ndani ya mti.

Hadiya alikiona.

"Tumu, toka hapo! Mjomba Dzombo, usifungulie!"

"Nisifungulie, na mpira wa maji nimeshaupandisha? Watu wa Vanga wananingoja!"

Hadiya akamgeukia Salwa. "Dada, mguu huo sikuupima. Nilipima wa mbele peke yake. Mingine nilijaza tu."

Mzee Ishak akafukua mchanga, akachomeka kisu. Kikazama hadi mpinini. Mchwa walikuwa wameula mti ndani na kuacha ganda.

Salwa akaingiza kipimo kipya. Mguu wa nyuma ukawa mwekundu chini, na kiungo cha mguu wa mbele kikawa chekundu pia.

"Tazameni. Huu wa nyuma umeacha kubeba, wenzake wanaubebea. Ndiyo maana mlio ulitoka mbele."

Dzombo akanung'unika, lakini akajaza mapipa na masufuria ya hitima yaliyokuwa chini. Baada ya hitima, Mzee Ishak alileta boriti mpya, na safari hii Hadiya alipima kila mguu, magoti mchangani.

"Ungeniletea karatasi tupu, ningejua kwamba sijui," Salwa alimwambia walipomaliza. "Ulipobuni, ulinifanya niamini uongo."

"Nami niligonga kwa kiganja nikajiona nimepima," Mzee Ishak akasema. "Sote tulibahatisha, na Tumu alikuwa chini ya jukwaa. Asiyejua na aseme hajui, mapema, kabla boza halijafika."

"Lakini mbona hukuniuliza, Hadiya?" Salwa akauliza.

Hadiya alikunja utepe polepole, akaukunjua tena.

"Nilisema naam, dada, lakini sikuelewa kwa nini nipime yote minne, nikaona haya. Nieleze tena."