Juzuu Kumi na Moja Zilizokwenda Goa

Mwaka wa tatu tangu Mreno auvunje ukuta wa Ungamai kwa mizinga, mji ule haukuwa na chuo cha Kurani hata kimoja. Vyuo vitatu vilivyokuwapo vilitiwa moto pamoja na misahafu yake, mbao za kuandikia zikawa kuni za kupikia uji wa askari, na walimu walikuwa wamekwisha kuuawa ukutani pamoja na wanaume wenzao. Kisha ikapigwa mbiu: kila mtoto aende ngomeni asubuhi akasome kwa padri, na yeyote atakayeonekana akifundisha Kurani atiwe merikebuni apelekwe Goa, asirudi tena. Laana iliyoje! Wamekwisha kuua baba, sasa wanamtaka na mtoto.

Mwana Sitirai, mjane wa mmoja wa walimu wale, alikuwa na Kurani nzima kifuani. Mjini hakubaki mwingine kama yeye. Kila adhuhuri, watoto walipotoka ngomeni, kumi na wawili waliingia uani kwake, kila mmoja na kicha cha miyaa, kama waliokuja kujifunza kusuka ukili wa mikeka. Na ukili waliusuka kweli, maana askari wa doria hawakukawia kuchungulia. Katikati palikuwa na sinia ya mchanga. Mwana Sitirai aliandika kwa kidole, watoto wakasoma kwa kunong'ona, kisha kiganja kikapita juu, mchanga ukawa mtupu. Alikuwa mkali, usidhani. Aliyekosea aya alifinywa sikio hata machozi yakamtoka.

Msiba ulianzia ngomeni kwenyewe. Mtoto mmoja, akifagia chumba cha padri, alijisahau akaghani aya kwa sauti ya chuoni. Padri hakuyajua maneno, ila sauti ile aliijua. Akamwambia kapitani.

Kesho yake wanawake saba wa mtaa ule, ambao askari waliwaona wakisuka pamoja na watoto, walipangwa uani ngomeni, na watoto kumi na wawili mbele yao. Kapitani, padri kando yake, alivaa deraya ya chuma juani, jasho likimtiririka. Mkalimani wake, Bwana Kae, alikuwa mtu wa Ungamai hasa, na hakuthubutu kuwatazama wanawake usoni.

"Kapitani asema, mtajeni mwalimu wenu, mwende zenu kwa amani."

Akavutwa Mwanamkuu, binti wa miaka kumi na mmoja, mkubwa kuliko wote.

"Nani akufundishaye?"

"Nafundishwa kusuka ukili, bwana."

Mjeledi ukalia.

"Nani?"

"Ukili tu, bwana. Wallahi sijui jingine."

Ulipolia mara ya nne, Mwana Sitirai aliinua mguu ajitokeze. Mwana Jaha, aliyesimama ubavuni pake, akamkamata upindo wa kisutu.

"Simama papo hapo," alinong'ona. "Anayepigwa ni mwanangu mimi. Ukienda wewe, hawa watasomeshwa na nani?"

Loo, mama yule! Alihesabu mapigo yote kumi na mawili ya bintiye, asipepese jicho. Mwishowe kapitani alichoka, akatema mate, akaamuru lango lifunguliwe. Watoto wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakipita mbele ya wanawake. Wakubwa walipita wameinamisha macho, kama walivyokubaliana.

Wa mwisho alikuwa Tumai, binti wa miaka sita. Tangu aanze kusoma hakuwahi kumpita mwalimu wake bila salamu. Akasimama, akainama, akaushika mkono wa Mwana Sitirai, akaubusu.

"Nashika moo, mwalimu."

Mwana Sitirai angeweza kuunyakua mkono ule na kumfukuza mtoto kama asiyemjua. Moyo ulimkatalia.

"Marahaba, mwanangu," akajibu.

"Kasema nini huyo?" kapitani akauliza.

Bwana Kae akawahi kujibu. "Amemsalimu bibi yake."

Lakini padri akatikisa kichwa. Neno "mwalimu" alilijua, kwani watoto walilazimishwa kumwita hivyo yeye kila asubuhi. Mkono wake hawakuwahi kuubusu.

Askari wawili wakamshika Mwana Sitirai. Mama yake Tumai akainua kofi, akilia kwa hasira.

"Usimpige!" Mwana Sitirai alimkemea. "Adabu hiyo nimemfundisha mimi."

Merikebu ilitweka tanga kabla ya alasiri, Mwana Sitirai akiwa ndani. Mwanamkuu, mgongo ungali na madonda, alikaa mbele ya sinia ya mchanga akawafundisha wenzake alichokijua. Alikuwa amehifadhi juzuu kumi na tisa. Kumi na moja zilizobaki zilikwenda Goa, na Ungamai iliishi bila hizo miaka arubaini, hadi Mreno alipofukuzwa.

Tumai naye alifundisha ukubwani. Mtoto akiinama kumbusu mkono, yeye aliuficha haraka ndani ya shela. Watoto waliambiana kwamba bibi yule ana kiburi.