Ngazi ya Kanda za Kiti cha Mama

Sebuleni kulikuwa na kiti kimoja kisichokaliwa. Kilikuwa kiti cha mama. Mama alikuwa katika mji mwingine, mbali, akiwatunza wazee wasio na jamaa. Huu ulikuwa mwaka wa pili bila likizo. Alipiga simu kila Jumapili, lakini sauti peke yake haishibishi.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na mitano. Baba alimwita Kiroboto, kwa sababu hakutulia mahali pamoja. Alicheza mpira wa pete. Siku moja kocha alitangaza mashindano, na mji alioutaja ulikuwa ule ule wa mama. Wachezaji kumi na wawili tu ndio wangesafiri.

"Baba, nikichaguliwa nitamwona mama," alisema.

Baba alikuwa fundi sofa. Kwenye simu yake aliona wachezaji wakirukaruka ndani ya ngazi ya kanda iliyolazwa chini. "Kumbe siri yao ni hii," alisema. Kanda za kazini zilikuwa zimekwisha. Basi akakipindua kiti cha mama, akang'oa kanda za chini zinazobeba mto, akashona ngazi.

"Mwenyewe hayupo," alisema. "Kiti kitasubiri." Lakini hakumtazama binti yake usoni aliposema hivyo.

Kila jioni ngazi ilitandazwa uani. Mguu ndani, mguu nje. Baba alishika saa. Baada ya mwezi mmoja, Kiroboto aliipita ngazi haraka hata majirani wakaja kutazama. Baba akatembea kifua mbele, utadhani yeye ndiye anayeruka.

Siku ya mchujo ikafika. Kiroboto akaachwa.

"Una miguu myepesi, mwanangu," kocha alimwambia. "Lakini unaitazama. Mwenzako akigeuka, wewe bado unapanga hatua. Nafasi mbili nimeziacha wazi. Nitazijaza baada ya wiki nane."

Alirudi nyumbani, akaketi sakafuni kando ya kile kiti kisicho na kanda, akalia. Alimtaka mama yake, basi.

Jioni hiyo jirani yao alipita kuchukua stuli aliyoileta kutengenezwa. Aliitwa Mama Mazoezi, maana hospitalini aliwafundisha waliovunjika miguu kutembea tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

Kiroboto akamweleza yote. Mama Mazoezi akaitazama ngazi, kisha akamgeukia baba.

"Fundi, mtu akishona vitambaa chakavu mwaka mzima, atajua kutengeneza sofa?"

"Atajua kushona vitambaa chakavu," alijibu baba.

"Basi na huyu amejua ngazi."

Baba akakuna kichwa. "Kwa hiyo nimekibomoa kiti cha mke wangu bure?"

"Si bure kabisa. Dakika tano za kupasha mwili moto, ngazi inafaa. Huzoesha miguu mpangilio. Lakini waliolichunguza jambo hili hawajapata ushahidi mzuri kwamba ngazi peke yake humwongezea mchezaji mbio, au humfanya ageuke upesi uwanjani. Ngazi haisogei. Mpinzani je?"

"Anageuka bila kuaga," alisema Kiroboto.

"Umesema. Basi jizoeze lile unalotaka kuliweza. Kimbia mita kumi kwa nguvu zako zote, pumzika mpaka pumzi irudi, kisha rudia. Chuchumaa na kuinuka, ili mapaja yapate nguvu. Ruka, utue vizuri, magoti yasiingie ndani. Mtu asimame mbele yako, umfuate anakoelekea. Cheza mchezo wenyewe, watatu kwa watatu. Na siku za kupumzika zipumzike kweli."

"Mtu wa kusimama mbele nitamtoa wapi?"

Wote wawili wakamtazama baba na kitambi chake.

Wiki ya kwanza baba ndiye aliyehema zaidi. Alijifanya anakwenda kulia, akaenda kushoto. Kiroboto akapitwa. "Macho juu," baba alisema huku akishika kiuno. Wiki ya tano hakumpita tena hata mara moja. Wiki ya nane kocha alijaza zile nafasi mbili, na moja ilikuwa ya Kiroboto.

Katika mji ule, mechi ya kwanza ilichezwa asubuhi. Kiroboto alimfuata mpinzani wake, akainua macho, akaudaka mpira uliokusudiwa mwingine. Na kwa kuwa macho yalikuwa juu, alimwona. Mama alisimama kando ya uwanja na sare yake ya kazi. Alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja.

Wakati wa mapumziko walikumbatiana. Kisha mama akauliza, "Baba yako hajambo? Na kiti changu?"

"Hajambo. Amekitia kanda mpya. Kila asubuhi anakikalia, anasema anakijaribu tu."

Mama alicheka, akajifuta macho kwa mkono wa sare.

"Mwambie asikizoee," alisema. "Kina mwenyewe."