Sauti ya Siwema

Kisomamifuo, mashine ya Shirika ya kusoma santuri, hakikuwa na sindano. Kilishusha uzi wa mwanga juu ya santuri, mwanga ukapita kwenye mifuo bila kuigusa, na Siwema akaimba.

Mkude akashika ukingo wa meza. Marehemu mkewe aliacha santuri hii moja tu, na kila ilipopigwa, sindano ya gramafoni yake ilimla kidogo.

"Haliwi tena, mzee," alisema Lyatuu, injinia wa Shirika la Sauti. "Tumemhifadhi. Bure kabisa. Weka kidole hapa, chini ya mkataba."

Mkude akaweka. Bure ya wakubwa, nani aliwahi kuila ikashuka salama?

Kila Ijumaa alasiri majirani walijaa sebuleni kwake, mbele ya spika za mninga alizozichonga mwenyewe. "Shemeji, tutilie Siwema wetu," Mama Shani angesema, na Mkude angeifuta santuri kwa kanga ya marehemu. Kabla ya kiitikio wote walinyamaza. Hapo Siwema alivuta pumzi, na ungeapa kasimama katikati ya spika mbili.

Mwezi haukuisha, minara ya matangazo ikapata sauti mpya mji mzima.

"Mwananchi mpendwa, umeme wa mtaa wako utapumzika. Asante kwa uvumilivu wako."

Alikuwa Siwema. Siwema yuleyule aliyefia zahanati, mashine ya kupumulia ilipozimika kwa mgao. Minara ya Shirika haikatiwi umeme.

Mkude alimfuata Lyatuu.

"Watu walikuwa wanaipiga minara mawe, mzee. Sauti ya mama imewatuliza."

"Mlimzimia pumzi. Sasa mnamtuma atangaze!"

"Uliweka kidole, mzee."

Ijumaa Mkude alipiga santuri. Hakuingia mtu. Mama Shani alisimama mlangoni.

"Zima, shemeji."

"Ni Siwema."

"Najua ni nani. Samaki wangu wote wameoza jana, naye ananiita mpendwa. Zima!"

Jiwe likagonga bati. Mkude akazima spika, santuri akaiacha izunguke, akainama, sikio karibu na sindano. Sindano yenyewe huimba, kijisauti kama cha mbu. Akamsikia anavuta pumzi.

Umeme ukakatika. Santuri ikapunguza mwendo, sauti ya Siwema ikawa nzito, ikaburuta kama ya mwanamume mgonjwa, ikasimama.

Nje, juu ya mnara, alikuwa anawashukuru watu kwa uvumilivu wao.